Kujenga na kupima PostgreSQL kwenye Linux, FreeBSD, macOS na Windows

Kiraka, yaani badiliko linalopendekezwa kwenye msimbo, kinaweza kupita majaribio yote kwenye Ubuntu, kikapita na FreeBSD, kisha kikifika Windows kikaharibu hesabu kimyakimya kwa sababu aliyekiandika alitumia `long` akidhani ina biti 64. Kwenye Linux na macOS za biti 64 ni kweli ina 64. Kwenye Windows ina 32 hata kama mashine yenyewe ni ya biti 64. Kompaila hailalamiki, na jaribio lenye namba ndogo linapita. Ndiyo maana hifadhidata hupimwa kwenye mifumo endeshi mingi: kila mfumo unauliza swali ambalo mwingine hauulizi.

Mwongozo huu unaitumia hifadhidata ya PostgreSQL, matawi ya toleo la 17 (Septemba 2024) na 18 (Septemba 2025). Sehemu kubwa inafaa pia kwa anayeandika viendelezi vyake mwenyewe.

Chagua mashine kwa tofauti zake

Debian, Ubuntu na Mint ni mashine moja yenye majina matatu, na kuzipima zote ni kupoteza umeme. Ukiwa na nafasi ya mashine nne, chukua Linux moja inayotumia maktaba ya C ya glibc (Debian inatosha), Alpine kwa sababu ya maktaba yake ya musl, FreeBSD, na Windows. Ya tano iwe macOS kama unayo kompyuta ya Apple. Anayegusa msimbo unaosoma na kuandika kurasa za diski au kutuma data mtandaoni anahitaji pia mashine inayopanga baiti kinyume na x86, yaani s390x, hata kama ni ya kuigizwa na programu ya QEMU.

WSL, ile Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, haihesabiki kama Windows. Ukijenga ndani ya WSL umejenga kwa Linux. Faida yake ni kuokoa muda tu.

Kuhusu diski: msimbo ukishakompailiwa unachukua kama MB 350, programu iliyosakinishwa MB 60 hivi, hifadhidata tupu MB 40, na majaribio yanaomba MB 300 nyingine za muda. Hayo ni makadirio ya ujenzi wa kawaida. Ukiweka taarifa za kufuatilia kasoro na kuendesha majaribio yote, itengee kila mashine GB 10 ili usije ukahangaika katikati.

Kwa anayelipia bando, usishushe hazina ya msimbo upya kwenye kila mashine pepe. Ishushe mara moja kwenye kompyuta kuu, kisha mashine pepe ziichukue kutoka hapo kupitia mtandao wa ndani:

```
git clone https://git.postgresql.org/git/postgresql.git
cd postgresql
git worktree add ../pg17 REL_17_STABLE
```

Kisha ndani ya mashine pepe:

```
git clone -b REL_17_STABLE ssh://mimi@192.168.56.1/home/mimi/postgresql pg17
```

Kuna njia ya mkato inayovutia watu wengi: kuweka msimbo kwenye folda ya pamoja kati ya kompyuta kuu na mashine pepe, au kwenye `/mnt/c` ndani ya WSL. Usiifuate. Folda hizo mara nyingi hazishiki ruhusa za faili kama Unix inavyotaka, na seva itakataa kuwaka ikidai folda ya data lazima iwe 0700 au 0750. Hata ukiipita hiyo, soketi zinaweza kugoma, na saa za faili zinazopishana humfanya `make` akompaili upya vitu ambavyo havijabadilika.

Linux kwanza, kwa sababu ndiyo kipimo cha nyingine

Kwenye Debian au Ubuntu:

```
sudo apt install git build-essential bison flex perl \
  libipc-run-perl pkg-config libreadline-dev zlib1g-dev \
  libicu-dev libssl-dev liblz4-dev libzstd-dev \
  meson ninja-build ccache gdb
```

Bison, Flex na Perl zinahitajika hata ukishusha faili la tar badala ya kutumia git. Tangu toleo la 17 faili hilo halibebi tena msimbo uliokwisha kuzalishwa na zana hizo. Kwenye Fedora na Rocky, Perl imekatwa vipande vidogo. Kukosekana kwa `perl-FindBin` au `perl-IPC-Run` ndiyo kero ya kwanza utakayokutana nayo huko.

Njia za kujenga ziko mbili. Ile ya zamani ni `configure` na `make`. Meson iliingia na toleo la 16, mwaka 2023, na kuanzia la 17 ndiyo njia pekee inayobaki kwa anayetumia kompaila ya Visual Studio. Jifunze zote mbili. Ukiongeza faili jipya la C na kuliandika kwenye `Makefile` bila kuligusa `meson.build`, Linux yako itapita na Windows itashindwa.

Ya zamani:

```
mkdir jenga-linux && cd jenga-linux
../pg17/configure --prefix=$HOME/pg/17 --enable-debug \
  --enable-cassert --enable-tap-tests --with-ssl=openssl \
  --with-lz4 --with-zstd CC="ccache gcc"
make -j4 -s world-bin
make check
```

Na Meson:

```
cd pg17
meson setup ../jenga-meson --prefix=$HOME/pg/17m \
  --buildtype=debug -Dcassert=true -Dtap_tests=enabled \
  -Dssl=openssl -Dicu=enabled -Dlz4=enabled -Dzstd=enabled
ninja -C ../jenga-meson
meson test -C ../jenga-meson --num-processes 4
```

Jenga nje ya folda ya msimbo kila mara. Mtu akishaendesha `./configure` ndani ya msimbo wenyewe hata mara moja, Meson itamkatalia kwa ujumbe wa "Non-clean source code directory detected". Dawa ni `make distclean` mle ndani. Ikishindikana, `git clean -xfd` inafuta kila kisichojulikana na git, pamoja na viraka vyako ambavyo hujavihifadhi, kwa hiyo angalia kwanza na `git clean -xnd`.

Zingatia tofauti moja ya tabia. `configure` ikikosa readline au ICU (maktaba ya kushughulikia maandishi ya lugha mbalimbali) inasimama na kukuambia. Meson, usipotaja kitu, inakitafuta, ikikikosa inaendelea na safari. Hapo utapata mashine mbili zinazosema "zimepita" wakati moja ilijengwa bila ICU wala OpenSSL. Ndiyo sababu amri ya hapo juu inazitaja ICU, OpenSSL, lz4 na zstd kwa jina. Soma pia muhtasari unaotokea mwisho wa `meson setup`.

`--enable-cassert` si pambo. Inawasha ukaguzi wa ndani ambao watumiaji wa kawaida hawanao, na sehemu kubwa ya kasoro za kweli hugundulika hapo. Inaipunguza seva kasi, kwa hiyo usiitumie kupima wepesi. Na bila `--enable-tap-tests`, majaribio ya kunakili data kati ya seva, kurudisha data baada ya seva kuanguka na `pg_upgrade` yanarukwa, huku `make check-world` ikimaliza salama salimini.

Majaribio yapi, na lini

`make check` inaanzisha seva ya muda, inaendesha zaidi ya majaribio 200 ya SQL, kisha inaifuta. Hiyo ni ya kila unapobadilisha kitu. `make check-world` inaendesha kila kitu na inakula muda. Iache kwa ajili ya kabla ya kutuma kiraka. `make installcheck` inapima seva ambayo tayari inafanya kazi. Usiielekeze kwenye seva yenye data unayoipenda.

Majaribio ya SQL yanakwenda kwa makundi ya hadi 20 kwa pamoja, na kila moja lina mchakato wa seva na wa `psql`, yaani michakato 40. Mashine pepe yenye RAM ya GB 1 itaanza kuhema. Ipunguzie mzigo:

```
make MAX_CONNECTIONS=4 check
```

Kuendesha jaribio moja la TAP, yaani yale yanayoandikwa kwa Perl, peke yake:

```
make -C src/test/recovery check PROVE_TESTS='t/001_stream_rep.pl'
```

Na kwenye Meson, jaribio lolote linahitaji kwanza maandalizi ya kusakinisha kwa muda, kwa hiyo:

```
meson test -C ../jenga-meson --suite setup --suite recovery
```

Majaribio ya SSL, Kerberos na LDAP hayaendeshwi mpaka uyaombe, kwa sababu yanafungua seva ambazo mtumiaji mwingine wa mashine hiyo anaweza kuzifikia. Unayaomba hivi: `PG_TEST_EXTRA='ssl kerberos ldap'`.

Usiendeshe chochote kati ya haya ukiwa root. Seva na `initdb` zote zinakataa, na Docker inakuingiza kama root bila kukuuliza. Tengeneza mtumiaji wa kawaida ndani ya kontena kabla ya kufanya lolote.

Ukiwa bado kwenye Docker: `/dev/shm` ya kontena ni MB 64 usipoibadilisha. Hoja zinazogawanywa kwa michakato kadhaa zitashindwa na ujumbe "could not resize shared memory segment ... No space left on device", nawe utaanza kufuta mafaili kwenye diski isiyo na kosa. Anzisha kontena kwa `--shm-size=1g`.

Mtego mwingine wa Linux unawapata wanaoacha majaribio marefu yakiendelea kwa `nohup` kisha wanatoka kwenye ssh. Systemd, mtumiaji wa kawaida anapotoka, inafagia kumbukumbu zake za pamoja. Seva inabaki hai huku sakafu imeondolewa chini yake, na kwenye logi utaona "could not remove shared memory segment ... No such file or directory". Weka `RemoveIPC=no` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`, kisha uwashe upya mashine.

Kusoma kushindwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapokosea: wanasoma mstari wa mwisho kwenye skrini, wanadhani wamejua.

Kwa majaribio ya SQL fungua mafaili mawili pamoja. La kwanza ni `src/test/regress/regression.diffs` (kwenye Meson, `testrun/regress/regress/regression.diffs` ndani ya folda ya kujengea). La pili ni logi ya seva, `log/postmaster.log`, katika folda hiyohiyo. Kwa majaribio ya TAP, logi zimo `tmp_check/log`, na faili linaloanza na `regress_log_` ndilo linaloonyesha hatua kwa hatua.

Ukiona majaribio 15 yameshindwa kwa mkupuo, usiyasome yote 15. Kuna uwezekano mkubwa kwamba moja limeiangusha seva, na mengine 14 yaliyokuwa kundi moja nalo yamekatiwa mawasiliano au yameambiwa "the database system is in recovery mode". Nenda kwenye logi utafute:

```
grep -nE 'TRAP|terminated by' log/postmaster.log
```

`TRAP: failed Assert` inakupa jina la faili na namba ya mstari. "terminated by signal 11" maana yake mchakato umegusa kumbukumbu isiyo yake. Kwenye Windows kosa hilohilo linaandikwa "terminated by exception 0xC0000005". Signal 9 kwenye Linux kwa kawaida si kosa la msimbo: keneli imeishiwa RAM ikauua mchakato, na `dmesg` itathibitisha.

Seva ikiwa haikuanguka, tofauti inakuwa ya matokeo. Chukua mfano huu mdogo:

```
 SELECT jina FROM wanachama ORDER BY jina;
   jina
 --------
  Ali
- asha
  Bakari
+ asha
  zena
```

Mstari wenye alama ya kutoa ni ule uliotarajiwa, wenye kujumlisha ni ule uliopatikana. Hakuna kilichoharibika hapa. Matarajio yaliandikwa kwenye Debian yenye `en_US.UTF-8`, ambako herufi kubwa na ndogo huchanganywa. Mashine iliyoshindwa ni Alpine, ambako musl inapanga kwa thamani ya baiti, hivyo herufi kubwa zote zinatangulia. Anayeenda kuhariri msimbo wa kupanga atapoteza siku nzima. Jaribio ndilo linalotakiwa kuandikwa `ORDER BY jina COLLATE "C"`.

Suala hili si la majaribio peke yake. glibc 2.28 ilipotoka mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio wa herufi, na hifadhidata zilizohamishwa kwenda Debian 10 au RHEL 8 zikiwa na faharasa zilezile za zamani zikaanza kukosa safu ambazo zimo. Kwa hiyo jaribio la kupanga likishindwa baada ya kuupandisha daraja mfumo endeshi, usilipuuze.

Chanzo cha pili cha tofauti za namna hii ni `SELECT` isiyo na `ORDER BY`. Safu zinatoka kwa utaratibu unaotegemea mpango wa hoja, nao mpango unaweza kugeuka kwa sababu ndogo tu. Ukitumia `EXPLAIN` kwenye jaribio, weka `(COSTS OFF)`. Makadirio ya gharama hayafanani mashine hadi mashine.

Endesha pia kwa mipangilio tofauti ya lugha:

```
make check LANG=tr_TR.utf8
make check LANG=sw_TZ.UTF-8
make check NO_LOCALE=1
```

Kiswahili kimo kwenye glibc kwa Tanzania na kwa Kenya, ila lazima uzalishe mpangilio huo kwanza (`sudo dpkg-reconfigure locales`). Tuseme ukweli, hakitakuonyesha mengi, maana alfabeti yetu haina vituko. Kituruki ndicho kinachouma: herufi ndogo ya I huko ni ı isiyo na nukta, na msimbo wowote unaogeuza maneno ya SQL kuwa herufi ndogo kwa kutegemea lugha ya mashine unafichuka hapo. Hakikisha `LC_ALL` haijawekwa, la sivyo `LANG` haitafanya kitu.

Halafu kuna yale yanayoshindwa mara moja kati ya 30. Usiseme "ni mtandao" ukaendelea. Lizungushe mpaka lishindwe tena:

```
for i in $(seq 50); do
  make -C src/test/recovery check PROVE_TESTS='t/001_stream_rep.pl' || break
done
```

Kwa kawaida utakuta mtu ameandika `sleep(2)` akitegemea seva ya pili iwe imeshapokea data. Kwenye mashine ya haraka sekunde 2 ni nyingi. Kwenye s390x ya kuigizwa hazitoshi. Moduli ya `PostgreSQL::Test::Cluster` ina `wait_for_catchup`, `poll_query_until` na `wait_for_log`, zinazosubiri tukio lenyewe badala ya saa. Kikomo chao cha kawaida ni sekunde 180. Mashine ikiwa ya pole sana, weka `PG_TEST_TIMEOUT_DEFAULT=600`, na kwa Meson ongeza `-t 4` ili yenyewe isikate jaribio mapema.

FreeBSD na ndugu zake

```
pkg install git gmake bison perl5 p5-IPC-Run readline icu \
  pkgconf meson ninja ccache
```

Andika `gmake` kila mahali. `make` ya FreeBSD ni nyingine na haizisomi Makefile za PostgreSQL. Vifurushi vyote vinakaa `/usr/local`, ambako kompaila haitafuti yenyewe, kwa hiyo ongeza `--with-includes=/usr/local/include --with-libs=/usr/local/lib`, au kwa Meson `-Dextra_include_dirs=/usr/local/include -Dextra_lib_dirs=/usr/local/lib`.

Ndani ya jail (sehemu iliyotengwa ndani ya FreeBSD), `initdb` ikifa na "could not create shared memory segment: Function not implemented", jail hiyo hairuhusiwi kutumia kumbukumbu za pamoja za System V. Weka `sysvshm=new` kwenye mipangilio yake.

OpenBSD na NetBSD zina ujumbe unaopotosha kuliko yote: "could not create semaphores: No space left on device". Diski haihusiki. Semafo, zile alama ambazo michakato inazitumia kupeana zamu, zimewekewa kikomo kidogo na keneli. Kwenye OpenBSD ongeza mistari hii kwenye `/etc/sysctl.conf`:

```
kern.seminfo.semmni=60
kern.seminfo.semmns=1024
```

Na jambo la mifumo yote ya BSD pamoja na macOS: anwani ya soketi haiwezi kuzidi baiti 103, wakati Linux inafika 107. Ukijenga ndani ya `/Users/mimi/Documents/kazi/hifadhidata/majaribio/...` utafikia siku utakayoambiwa "Unix-domain socket path ... is too long". Jengea karibu na mzizi.

macOS

Anza na `xcode-select --install`, kisha Homebrew:

```
brew install meson ninja pkgconf icu4c openssl@3 lz4 zstd
export PKG_CONFIG_PATH="$(brew --prefix icu4c)/lib/pkgconfig:$(brew --prefix openssl@3)/lib/pkgconfig"
```

Bila mstari wa pili ICU haitaonekana, kwa sababu Homebrew inaificha isigongane na ya Apple. Kwenye chipu za Apple vitu vinakaa `/opt/homebrew`, kwenye Intel `/usr/local`; amri ya `brew --prefix` inakuepusha kukumbuka ipi ni ipi. IPC::Run isakinishe kwa `cpan`.

Tatizo la macOS linalojulikana zaidi ni `make check` kushindwa mara tu baada ya kujenga, programu zikidai hazipati maktaba ya `libpq` au zikitumia ya zamani. Ulinzi wa mfumo, SIP, unafuta `DYLD_LIBRARY_PATH` kabla haijafika kwenye programu inayopimwa. Endesha `make install` kwanza, ndipo `make check`. Wapo wanaozima SIP kabisa. Kwa kompyuta unayobebea maisha yako yote sioni sababu.

Baada ya kupandisha Xcode, ujenzi wa jana unaweza kugoma leo ukidai faili la kichwa halipo. Njia ya SDK iliyoandikwa wakati wa `configure` imeshabadilika. Anza upya kwenye folda tupu.

Windows

Andaa Visual Studio 2022 yenye zana za C++, Python, Strawberry Perl, na `winflexbison3` pamoja na `diffutils` kutoka Chocolatey. Fungua "x64 Native Tools Command Prompt", si PowerShell ya kawaida:

```
pip install meson ninja
cpanm --notest IPC::Run
git config --global core.autocrlf false
meson setup C:\j\pg17 --prefix=C:\pg\17 ^
  --buildtype=debugoptimized -Dcassert=true -Dtap_tests=enabled
ninja -C C:\j\pg17
meson test -C C:\j\pg17
```

`autocrlf` izime kabla ya kuchukua msimbo, maana ikishageuza miisho ya mistari hairudi yenyewe.

Jambo linalokwamisha wageni wengi ni mpangilio wa PATH. Git ya Windows inakuja na `link.exe` yake ndani ya `usr\bin`, ambayo ni zana ya Unix isiyohusiana kabisa na ile ya Visual Studio. Ikitangulia kwenye PATH, Meson inasimama ikilalamika kwamba imekuta `link.exe` ya GNU. Strawberry Perl nayo inabeba gcc yake. Ukisahau kufungua terminali ya Visual Studio, Meson inaweza kuishika hiyo na kukujengea kitu kingine. Andika `where link` na `where cl` kabla ya kuanza. Mistari ya juu kabisa lazima iwe ya Visual Studio. Ukitaka Meson ijitafutie yenyewe, ongeza `--vsenv`.

Kwa nini `debugoptimized` badala ya `debug`? Kwa MSVC, yaani kompaila ya Visual Studio, `debug` inaunganisha maktaba ya C ya kutafutia kasoro, huku OpenSSL uliyoishusha ikiwa imejengwa na ile ya kawaida. Kumbukumbu iliyoombwa upande mmoja na kuachiwa upande mwingine inaangusha programu mahali pasipohusika.

Programu ya kuzuia virusi inafungua kila faili jipya kulikagua, na Windows hairuhusu kufuta au kubadilisha jina la faili lililofunguliwa na mwingine bila ridhaa. Matokeo yake ni "Permission denied" zinazokuja na kuondoka. Itenge folda ya kujengea, kwenye PowerShell ukiwa msimamizi: `Add-MpPreference -ExclusionPath C:\j`. Seva ikianguka na ukataka kuichunguza, tengeneza folda iitwayo `crashdumps` ndani ya folda ya data, na picha ya kumbukumbu itaandikwa humo.

Windows haina `fork`, njia ya Unix ya kunakili mchakato mzima. Kila mchakato mpya unaanza upya na kurithi vigeu vichache tu vilivyopitishwa kwa makusudi. Kigeu cha jumla ulichokipa thamani kwenye mchakato mkuu kitafika Linux na hakitafika Windows. Habari njema ni kwamba kasoro hii unaweza kuinasa bila Windows. Jenga kwenye Linux ukiongeza `CPPFLAGS=-DEXEC_BACKEND` kwenye `configure`, nayo itaanzisha michakato kwa namna ya Windows. Vivyo hivyo, `CFLAGS='-O1 -g -fsanitize=alignment -fno-sanitize-recover'` inakamata data iliyosomwa kwenye anwani isiyopangika, kosa ambalo x86 inalisamehe na prosesa nyingine zinalikataa. Ujenzi huo wa ziada kwenye Linux ni nafuu kuliko mashine mbili.

Kuhusu `long` tuliyoanza nayo: tumia `int64` na `INT64_FORMAT`, na kwa ukubwa wa kumbukumbu `Size` na `%zu`.

Kuiacha mashine ifanye kazi yenyewe

PostgreSQL ina shamba la mashine za kujitolea, lililoanzishwa na Andrew Dunstan mwaka 2004. Kila mashine inapewa jina la mnyama, na matokeo yake yanaonekana hadharani. Kinachohitajika zaidi ni mashine isiyo ya kawaida. Debian ya x86 zimo tele.

Shusha programu ya mteja, nakili `build-farm.conf.sample` kuwa `build-farm.conf`, rekebisha `build_root`, `config_opts` na `branches_to_build`, kisha jaribu bila kutuma kitu:

```
./run_build.pl --test REL_17_STABLE
```

Ikipita, omba usajili ukitaja mfumo endeshi na toleo lake, kompaila na toleo lake, na aina ya prosesa. Utarudishiwa jina na nywila ya siri, uziweke kwenye `animal` na `secret`. Kisha cron, inayoendesha amri kwa ratiba:

```
17 */2 * * * cd /home/shamba/mteja && ./run_branches.pl --run-all
```

Cron ina PATH fupi kuliko terminali yako, na kwenye FreeBSD haitaiona `gmake`. Andika PATH kamili juu ya mstari huo. Amri ya `--run-all` haijengi kama hakuna kilichobadilika kwenye tawi, kwa hiyo haimalizi bando bure.

Siku utakayopandisha mfumo endeshi au kompaila, endesha `update_personality.pl`. Usipofanya hivyo, mnyama wako atashindwa kwa sababu ya kompaila mpya huku ukurasa ukionyesha bado ana ile ya zamani, na watu watamtafuta mwenye kiraka wakati kosa liko kwenye mashine yako.